Siku nne hakuna aliyebisha hodi, halafu zulia likawa kosa langu

Bado nina hasira, kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka. Ukubwa wa kitanda, kasi ya intaneti na bwawa la kuogelea mtaviona kwenye tovuti ya hoteli hii, na picha zao ni nzuri. Mimi nina jambo moja tu: usafi wa chumba, ambao sikufanyiwa, na bwana mmoja aliyenisimamisha mapokezi mbele za watu akaniambia nilipie zulia.

Nilikwenda semina, usiku sita kama sikosei, labda saba. Nilifika usiku wa manane, nimechoka na safari. Kijana wa mapokezi akanisogezea fomu, akawa ananionyesha kwa kidole pa kusaini: hapa, hapa na hapa. Nikasaini. Nani anasoma fomu ya hoteli saa ile, begi linamkata bega? Kumbe chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na kisanduku kilichokwisha kutiwa vema, kinachosema mgeni amekubali chumba chake kisisafishwe kila siku ili kulinda mazingira. Ile alama sikuitia mimi. Ilichapwa pamoja na fomu. Nakala ninayo mpaka leo: alama ni nyeusi kama maandishi mengine yote, saini yangu ni ya bluu.

Na wangeniuliza tu, ningekubali! Hilo ndilo linaloniuma. Nyumbani sibadilishi shuka kila siku, wala simjui anayebadilisha. Taulo natumia siku tatu, nne, nikilianika likakauka basi. Hotelini mimi ndiye natundika kile kibao cha "Usisumbue" tangu nafika mpaka naondoka, maana sipendi vitu vyangu viguswe. Kama ningeandika maoni haya siku ya pili, ningewasifu. Ningesema kufua taulo lililofuta mikono mara mbili ni kumwaga maji, sabuni na umeme bure, na kwamba usafi wa kila siku ni mazoea tu. Nilikuwa upande wao kabisa.

Siku ya tatu ndoo ya taka ikajaa. Dirisha la bafuni halifunguki, taulo halikauki, likaanza ile harufu ya kitambaa kilichokaa kwenye ndoo. Nikapiga simu mapokezi. "Tunamtuma mtu sasa hivi." Hakuja mtu. Nikapiga tena jioni, akapokea mwingine, jibu lile lile, hakuja mtu.

Kesho yake asubuhi nikakutana na mhudumu wa vyumba kwenye korido, mama wa makamo, anasukuma toroli limejaa shuka kupita kichwa chake. Nikamwamkia, nikamwomba taulo na karatasi za chooni. Akanitazama, akatazama ukumbi huku na huku, akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa orodha ya vyumba, imekunjwa mpaka mikunjo inachanika. Namba ya chumba changu ilikuwa imepigwa mstari.

"Mwanangu, wewe hupo kwenye karatasi yangu. Nikiingia chumba nisichoandikiwa, kitu kikapotea, nani atanitetea?"

Nikamwambia nimeelewa, nitakwenda mwenyewe mapokezi. Akanizuia kwa mkono. Akachomoa taulo moja katikati ya rundo na karatasi mbili, akanitilia kwapani upesi upesi. Halafu akasema, na hapo hakuwa akilalamika, alikuwa ananieleza tu: chumba kilichofanywa jana anakimaliza mara moja. Chumba cha siku nne, nywele zimeziba tundu la bafu, sabuni imeganda kwenye kioo, taka zinanuka, shuka zimeshika jasho, anasugua mpaka kiuno kinakataa kunyooka. Lakini hesabu ya vyumba anayotakiwa kumaliza kwa siku haijapungua. Waliopungua ni wenzake.

Nilikwenda semina na maneno yake kichwani. Hata hivyo bado sikuwa nimekasirika, niseme kweli. Niliwaza nitaandika kwa upole kwamba waongeze watu.

Jioni ile nikasikia harufu nyingine, si ya taulo, si ya taka. Nikafuata pua mpaka kwenye begi langu. Nilikuwa nimeliweka sakafuni chini ya kiyoyozi, karibu na pazia, kwa kuwa kile kimeza cha kuwekea mizigo kilivunjika mguu. Nikalinyanyua, likatoa sauti ya kitu kinachobanduka. Zulia lao ni la rangi ya udongo, likilowa hulijui kwa macho. Nikakanyaga kwa mguu mtupu, maji yakapanda katikati ya vidole. Ndani ya begi gauni nililolitunza kwa siku ya mwisho limeingia vidoa vyeusi vya ukungu kutoka pindo mpaka kiunoni. Daftari langu la semina limekuwa tofali, kurasa hazifunguki. Nikavuta pazia: ukutani mchirizi wa maji unateremka kutoka kwenye kiyoyozi, na pembeni yake michirizi mingine ya zamani, iliyokauka, ya kahawia, mmoja juu ya mwingine. Bomba dogo la kutolea maji ya kiyoyozi lilikuwa limeziba. Ile michirizi haikuwa ya siku nne. Ukuta ule umelia muda mrefu kabla sijafika.

Nikashuka mapokezi. Akaitwa msimamizi. Akapanda, akaangalia, akapiga picha zulia, hakupiga begi langu. Tukashuka. Akatoa ile fomu kwenye faili, akaigonga kwa kalamu, watu wamesimama nyuma yangu wanasubiri zamu.

"Madamu, ulikataa usafi. Kama ungeruhusu wahudumu waingie, wangeona tatizo mapema. Sasa uharibifu umetokea chumba kikiwa mikononi mwako."

Nikadhani sijasikia vizuri. Akarudia, na safari hii akataja gharama ya zulia itakayoingizwa kwenye hesabu yangu. Kisha akaongeza kwamba ameona chumbani taulo zaidi ya idadi iliyotolewa, nimelitoa wapi? Nikamwambia nimelichukua mwenyewe kwenye toroli. Nilidanganya, na ningedanganya tena. Aliniita madamu zaidi ya mara kumi, lakini neno pole halikumtoka hata mara moja. Mtu nguo zake zimeoza ndani ya chumba chako, unashindwa kumwambia pole?

Sasa hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka, na aliyeyageuza ni yeye mwenyewe. Kwa sababu, kwa ukali wangu wote, alisema kweli: mhudumu angeona. Yule mama angevuta pazia asubuhi ya kwanza tu. Mimi natoka alfajiri narudi usiku, pazia silifungui. Kumbe nilichonyang'anywa si shuka mpya. Nilinyang'anywa jicho. Mtu anayeingia kwa dakika tano akaona bomba linavuja, choo hakikati maji, waya umechubuka, na akitandika kitanda anaona vile vidoa vyeusi kwenye mishono ya godoro vinavyomwambia kunguni wameingia. Mayai ya kunguni huanguliwa ndani ya siku sita mpaka kumi hivi. Chumba kikikaa wiki bila mtu kugusa godoro, wa kwanza kujua atakuwa mgeni, kwa ngozi yake.

Wenye hoteli wanalijua hili, msidanganywe. Baada ya lile shambulio la risasi la Las Vegas, Marekani, la Oktoba 2017, ambalo mtu alilifanya akiwa kwenye chumba cha hoteli, makampuni kadhaa yalibadilisha kanuni ili wafanyakazi waweze kuingia kukagua hata kama kibao kimetundikwa. Disney, kwenye hoteli zake za Florida, waliondoa vibao vya "Usisumbue" wakaweka vinavyosema chumba kina mtu. Kwa hiyo wakitaka kuingia kwa usalama wao, njia ipo. Kwa begi langu ndiyo haikuwepo.

Na hayo mazingira! Bafuni kulikuwa na kibandiko cha kijani: "Wageni wengi waliokaa chumba hiki hutumia taulo zaidi ya mara moja." Siku ya kwanza kilinifurahisha, nikajiona niko pamoja na wenzangu. Niliporudi nyumbani nikakaa kusoma, nikakuta maneno ya namna hiyo yalishapimwa. Mwaka 2008 Noah Goldstein, Robert Cialdini na Vladas Griskevicius walichapisha utafiti waliofanyia hotelini, wakaona kwamba kumwambia mgeni kuwa wenzake waliolala chumba kile kile walirudia taulo kunamvuta kuliko kumwomba alinde mazingira. Sawa, ni elimu nzuri. Lakini nawauliza hawa wa kwangu: nani aliwahesabu hao wageni wengi, na hakuna anayeingia chumbani? Tangu mwaka 1986 Mmarekani Jay Westerveld aliandika kuhusu vibandiko hivi vya taulo, na ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa lile neno la Kiingereza, greenwashing, yaani kujipaka kijani. Karibu miaka arobaini, na rangi ni ile ile.

Nataka niwe mwadilifu. Taulo likirudiwa, maji yanaokolewa kweli, na mimi nitaendelea kurudia langu. Wala si hoteli hii tu. Mwaka 2021 Hilton walitangaza kwamba kwenye hoteli zao nyingi za Marekani chumba kitasafishwa mgeni akiomba. Nilitaka kuwatetea, nikasema labda ndivyo dunia inavyokwenda, mpaka nikasoma kwamba hoteli zao za kifahari hazikuguswa, huko usafi wa kila siku umebaki. Basi nielezwe: kama ni upotevu, mbona kwa mwenye nacho si upotevu?

Wale wanaosugua hawakuwahi kubabaika juu ya swali hili. Jimbo la Nevada lilipitisha sheria mwaka 2020, wakati wa korona, ya kusafisha vyumba kila siku kwenye hoteli za Las Vegas na Reno. Mwaka 2023 sheria hiyo ikafutwa. Mwaka huo huo chama cha wafanyakazi wa hoteli cha Las Vegas, Culinary, kikakaa mezani na kampuni kubwa za kasino na kutoka na mikataba mipya yenye sharti la usafi wa kila siku. Mtu wa nje anaweza kushangaa, mfanyakazi anadaije kazi zaidi? Mimi sishangai tena. Nimeiona ile karatasi iliyopigwa mistari. Kila mstari ni chumba ambacho leo hakuna anayelipwa kukifanya, na siku mgeni akiondoka kinamwangukia mtu mmoja chote, na uchafu wa wiki nzima.

Kwa hiyo ukiniuliza kama chumba kinahitaji usafi kila siku, nilianza nikiwa nasema hapana, na kwa shuka bado nasema hapana. Msinibadilishie shuka, msinifulie taulo safi. Lakini mtu apite. Kila siku, abishe hodi, atoe taka, avute pazia, aangalie bafu, aondoke. Na nisipotaka aingie, niseme mimi, kwa mdomo wangu, si kisanduku kilichotiwa vema kiwandani. Tena hata nikikataa, baada ya siku mbili mtu agonge aulize kama niko hai. Nilikuwa nikisema sipendi vitu vyangu viguswe. Ukungu umeshavigusa vyote.

Zulia sikulipa. Niliwaonyesha picha ya ile michirizi ya kahawia nyuma ya pazia, nikawaomba waniandikie kwa barua kwamba nimeifanya mimi kwa siku nne. Msimamizi akaingia ndani, akakaa, akatoka mwingine akaniambia suala limekwisha. Gauni langu hakuna aliyelitaja. Nimelifua mara tatu, vidoa vimebaki.

Hapa wanataka nyota ili maoni yapokelewe. Nilikuwa nimeweka moja kwa ajili ya yule mama wa toroli. Ghorofa yake sitaitaja, wala siku ya zamu yake. Kisha nikakumbuka kwamba nyota ile haitamfikia, itahesabiwa kwenye jina la hoteli, na mwenye fomu ndiye atakayejisifia. Nimejaribu kuifuta nikabakisha sifuri, mfumo umekataa. Basi soma maneno, nyota hiyo iache.