Panya CD-1 kama mama mlezi katika utafiti wa utumbo

Kwa kulea tu, CD-1 tunampa nyota tano. Panya huyu mweupe anauzwa na Charles River, kampuni ya wanyama wa maabara, na ukoo wake unatokana na panya waliopelekwa Marekani kutoka Lausanne mwaka 1926. Huzaa watoto wengi, maziwa yake ni tele, na huwapokea watoto wa C57BL/6, ukoo wa panya weusi wa maabara, ambao mara nyingi mama zao huwatelekeza au huwala.

Wahamishe watoto hao ndani ya saa 48 tangu kuzaliwa, na watoto wa mlezi wasipishane nao kwa umri zaidi ya siku 2. Mtoe mlezi kizimbani kwanza, wasugue wageni kwa matandiko ya kiota chake, wachanganye na wachache wa kwake, ndipo umrudishe. Kuwatofautisha ni rahisi: macho ya C57BL/6 huonekana meusi chini ya kope zilizofumba tangu siku ya kwanza. Kesho yake tazama ubavu wa kushoto wa tumbo. Doa jeupe ni maziwa, na asiye nalo hajanyonya.

Kwa swali la utumbo, yaani kama jeni fulani inabadili ukuaji wake, nyota zinapungua. Vishimo vya ukuta wa utumbo mwembamba hujengeka hasa katika wiki 2 za kwanza baada ya kuzaliwa, wakati mtoto anategemea maziwa peke yake. Kwa hiyo mlezi mwenye maziwa mengi anaweza kuficha tofauti ya jeni unayoitafuta. Tena CD-1 si ukoo safi, yaani wa panya wenye jeni zinazofanana: kila mama ana jeni zake, na bakteria wake wataingia kwa watoto. Punguza kila kiota kibaki na watoto 8, la sivyo utakuwa unapima ushindani wa chuchu. Weka pia kundi la C57BL/6 waliolelewa na mama mwingine wa C57BL/6, maana kuhamishwa kwenyewe kuna athari. Athari za tumboni mwa mama mzazi, kubadilisha mlezi hakuzigusi hata kidogo. Hizo zinahitaji kupandikiza viinitete kwenye mama mwingine.

Unapopima, usiamini urefu peke yake. Utumbo hurefuka ukivutwa hata kidogo. Ondoa mafuta na utando unaoushikilia, usafishe ndani kwa maji ya chumvi baridi, ulaze bila kuuvuta, kisha uukaushe kwa karatasi na uupime uzito. Mpimaji awe mmoja, asiyejua kundi la mnyama.