Faili ya azimio la kazi ya shilingi mia: ipi ya kununua, ipi ya kuacha

Muhula ukikaribia kufunguliwa, simu za walimu wa mazoezi hapa Nairobi, yaani wanafunzi wa ualimu waliotumwa shuleni na vyuo, hujaa tangazo lile lile: maazimio ya kazi ya gredi ya 1 hadi ya 9, masomo yote, pamoja na maandalio ya somo na rekodi za kazi, lipa kwa M-Pesa utumiwe sasa hivi. Azimio ni mpango wa somo kwa muhula mzima, andalio ni mpango wa kipindi kimoja, na rekodi ni kumbukumbu ya kilichofundishwa. Bei huchezea kati ya shilingi 50 na 200 kwa somo moja la muhula mmoja. Saiba za Kahawa Wendani, jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta, na zile za katikati ya jiji nazo huwa na mafaili haya kwenye kompyuta, unachagua na kupigiwa chapa hapo hapo. Tathmini hii ni ya bidhaa yenyewe, si ya muuzaji fulani. Mara nyingi faili ni ile ile iliyopita mikono mingi, na kinachobadilika ni nambari ya simu iliyobandikwa juu ya ukurasa.

Uamuzi wetu ni huu. Azimio la kazi nunua ukitaka, ila ujue umenunua mbao, kabati utaliunda mwenyewe. Andalio la somo usinunue. Rekodi ya kazi hata ukipewa bure, kataa.

Anayemcheka mwalimu tarajali kwa kununua faili hajawahi kumwona saa mbili usiku. Gredi ya 4 hadi ya 6 ina vipindi 35 kwa wiki, kila kimoja dakika 35. Akipewa vipindi vitano kwa siku, na andalio moja la kuandika kwa mkono likamla dakika 40, hapo ni saa tatu na dakika ishirini kabla hajagusa daftari la mtoto. Madaftari nayo? Darasa la watoto 70 si ajabu katika shule za umma za Eastlands. Ukisahihisha kwa dakika moja moja, zoezi moja la somo moja limekuchukua saa moja na dakika kumi. Ongeza zamu ya asubuhi langoni, na foleni ya mchana ya Dishi na County, mpango wa kaunti wa chakula cha shuleni, ambapo mwalimu wa zamu husimama kuhakikisha kila mtoto amegusisha bangili yake kwenye mashine na amepata sahani. Baada ya hapo kuna matatu na msongamano wa Jogoo Road. Na aliyetumwa na chuo halipwi hata senti kwa kazi hiyo yote. Kwa hiyo shilingi mia ya kuokoa saa kadhaa si uvivu. Swali ni kama kweli inaziokoa.

Tuanze na azimio. Faili ya kawaida ni jedwali la safu kumi: wiki, kipindi, mada, mada ndogo, matokeo maalumu yanayotarajiwa, shughuli za ujifunzaji, swali dadisi (la kuamsha fikra), nyenzo, tathmini, maoni. Hapa faili hufanya kazi yake vizuri. Kuchora safu kumi zikakaa sawa kwenye ukurasa wa kulala ni usumbufu wa jioni nzima kwa asiyezoea kompyuta, na kunakili matokeo kutoka kwa mtaala ni kazi ya mikono tu, haihitaji akili ya ualimu. Hilo ndilo unalolipia, na ni haki.

Matatizo huanzia kwenye kalenda. Mwaka 2025 muhula wa kwanza ulikuwa na wiki 13, wa pili 14, wa tatu 9. Kiswahili gredi ya 4 kina vipindi 4 kwa wiki, kwa hiyo unahitaji safu mlalo 52, kisha 56, kisha 36. Mafaili mengi yana wiki 12 kwa kila muhula, liwalo na liwe. Muhula wa tatu utabaki na vipindi 12 visivyo na pa kukaa, na muhula wa pili utaishiwa na mada watoto wangali darasani. Tena hata wiki zote za kalenda si za kufundisha: siku za kufungua huliwa na usajili na kugawa vitabu, katikati kuna mapumziko, mwishoni kuna mitihani. Azimio lisiloonyesha mapumziko ya katikati ya muhula humwambia mkaguzi kwamba mwenye faili hajawahi kulisoma.

La pili ni umri wa faili. Kuanzia 2024 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilipunguza masomo: gredi ya 1 hadi ya 3 yakabaki 7, gredi ya 4 hadi ya 6 yakabaki 8, gredi ya 7 hadi ya 9 yakabaki 9. Kwa gredi za 4 hadi 6, sanaa, muziki na elimu ya viungo, ambayo zamani yalikuwa masomo mbalimbali, yakaunganishwa kuwa somo moja la sanaa bunifu. Ukiuziwa azimio la muziki peke yake la gredi ya 5, umeuziwa maiti. Na usidanganywe na jalada lililoandikwa CBE (elimu ya umilisi), jina jipya, badala ya CBC (mtaala wa umilisi). Kubadilisha herufi moja ya jalada ni kazi ya sekunde tatu, na wapo wanaofanya hiyo tu kisha wakaita faili mpya. Fungua ndani, linganisha orodha ya mada na mtaala uliofanyiwa marekebisho. Mtaala huo unapakuliwa bure kwenye tovuti ya KICD, kwa hiyo hakuna sababu ya kuununua, ijapokuwa wauzaji hao hao huuza hata huo.

La tatu ni kurasa za vitabu. Safu ya nyenzo husema "kitabu cha mwanafunzi, uk. 34–36" bila kutaja kitabu gani, au hutaja cha mchapishaji ambacho shule yako haina. KICD huidhinisha vitabu kadhaa kwa somo moja, na ukurasa wa 34 wa kimoja unaweza kuwa ngeli huku wa kingine ni shairi. Hili halirekebishwi kwa kukisia. Kaa chini na kitabu kilichoko kabatini mwa darasa lako, pitia kila safu mlalo, andika kurasa upya.

Sasa tuitazame safu mlalo moja kwa karibu, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kwa nini andalio la somo la kununua halifai. Mada ndogo ni ngeli ya KI-VI. Faili inasema kufikia mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze: kutambua nomino za ngeli ya KI-VI katika matini, kutumia upatanisho wa kisarufi wa ngeli hiyo ipasavyo, na kuchangamkia matumizi yake katika mawasiliano. Kwenye azimio, maneno hayo hayana kasoro, ndivyo mtaala unavyosema. Kwenye andalio la dakika 35 ni mzigo wa kipindi kizima na nusu. Mkaguzi akikuuliza utapimaje "kuchangamkia" kabla kengele haijalia, faili haikupi jibu. Andalio linalobeba somo husema hivi: mwanafunzi aweze kutunga sentensi tatu sahihi, umoja na wingi, kwa vitu vilivyomo darasani: kiti, kitabu, kioo, kifutio. Hapo unaweza kuhesabu.

Halafu kuna mfano wenyewe. Katika orodha ya nomino za KI-VI, faili za kununua hupenda kupachika kifaru, kiboko, na mara nyingine kijana. Umbo ni la ki- na vi- kweli, lakini hao ni viumbe hai, upatanisho wao ni wa A-WA: kifaru mkubwa amelala, vifaru wakubwa wamelala. Mwalimu aliyeamini faili ataandika ubaoni "kifaru kikubwa kimelala" mbele ya watoto 70 na mkaguzi aliyekaa dawati la nyuma. Kosa la tahajia husameheka, hili halisameheki, maana ndilo somo lenyewe. Ukitaka, lifanye mtego wa makusudi: andika kifaru katikati ya orodha, waulize kwa nini hafai. Swali dadisi bora kuliko lile la faili, ambalo kwa kawaida huwa "Ni vitu gani unavyoona darasani?" na hutumika kwa kila somo kuanzia ngeli hadi insha.

Nyenzo za andalio la kununua nazo ni kichekesho: projekta, tarakilishi, kinasasauti, vifaa vya kidijitali. Darasani pana soketi moja na haina umeme. Ukiandika projekta na mkaguzi asiione, umejifunga bao, ni afadhali ungeandika chati na kuileta. Karatasi moja ya manila na kalamu nene inatosha, mradi herufi zisipungue sentimita 4 kwa urefu na rangi iwe nyeusi au bluu iliyokolea. Njano na machungwa hazifiki dawati la nyuma. Kadi za maneno za kukata kwenye katoni za dukani hudumu kuliko za manila, na kundi la watoto saba linaweza kuzishika bila kuzirarua.

Idadi ya wanafunzi imeandikwa 40 kwenye faili, darasa lako lina 70. Hatua za somo zimegawa watoto wawili wawili, jambo linalohitaji nafasi ya kupita kati ya madawati ambayo huna. Kwa darasa lililobanana, geuza dawati la mbele litazame la nyuma, upate makundi ya sita hadi nane bila mtu kuinuka. Muda gawa hivi: dakika 5 za utangulizi, 25 za ukuzaji wa somo katika hatua tatu, 5 za hitimisho. Hatua zikizidi tatu, ya mwisho haifikiwi.

Na sasa kasoro inayotufanya tuseme usinunue kabisa. Sehemu ya mwisho ya andalio ni maoni ya mwalimu baada ya kufundisha. Katika mafaili kadhaa sehemu hiyo huja imeshajazwa: "Somo lilifaulu, wanafunzi wengi walifikia matarajio." Somo la Alhamisi ijayo limeshafaulu! Rekodi ya kazi ya kununua ni dhambi hiyo hiyo iliyozidishwa kwa muhula mzima, kwani rekodi ni ushahidi wa kilichofundishwa siku fulani, na hakuna muuzaji anayejua kwamba Jumanne watoto walikuwa kwenye michezo. Mkaguzi mzoefu hufungua faili tatu pamoja: azimio, andalio, rekodi. Anaangalia kama tarehe na mada ndogo zinakwenda sambamba. Ulizonunua kwa watu wawili tofauti hazitakwenda. Na mkiwa watatu kutoka chuo kimoja katika shule moja, nyote na faili ile ile, wa tatu ndiye anayeumia.

Kulitengeneza azimio ulilonunua kuna mpangilio wake. Kwanza hakikisha ni faili ya Word. PDF isiyoharirika haina thamani, na ukiigeuza kwa programu za bure jedwali hupasuka na ng' ya ng'ombe hugeuka alama ya kuuliza. Ondoa nambari ya simu ya muuzaji juu na chini ya kurasa, pamoja na jina la shule nyingine ambalo halikosekani mahali fulani katikati. Weka tarehe za wiki zako, ziba wiki ya mapumziko na ya mitihani, kisha hesabu vipindi vilivyobaki. Mada zikizidi, unganisha zile za marudio kwanza, usiguse sarufi. Kisha kurasa za kitabu, kisha nyenzo. Acha safu ya maoni tupu. Kazi hiyo ni ya saa mbili kwa somo moja, ukiwa na kitabu na ratiba ya shule mezani. Anayesema faili iko tayari kutumika anamaanisha iko tayari kulipiwa.

Usipige chapa kabla ya hapo. Safu mlalo 52 kwenye A4 ya kulala hutoa kama kurasa 15, na kwa shilingi 5 hadi 10 kwa ukurasa unatumia pesa sawa na bei ya faili yenyewe. Makosa yakionekana baadaye, unalipa mara ya pili. Mwambie mhudumu wa saiba aionyeshe kwenye skrini kabla hajabonyeza, kwa sababu jedwali lililokaa vizuri kwenye simu yako linaweza kukatwa safu ya kumi kwenye printa yake.

Kabla ya kununua chochote, muulize mwalimu mlezi, yule wa shule anayekusimamia, kama ana azimio lake la mwaka jana. Litakuwa na kitabu cha shule hiyo hiyo, na mara nyingi maelezo ya pembeni kwa kalamu kuhusu mada iliyochukua wiki mbili badala ya moja. Hilo linashinda faili yoyote ya kununua.

Usipolipata, na ukaamua kununua, usikubali kuonyeshwa ukurasa wa kwanza. Wiki ya 1 huwa safi katika kila faili. Omba picha ya wiki ya 7. Huko ndiko mtengenezaji huwa amechoka: matokeo ya kipindi cha 1 yamenakiliwa hadi cha 4, swali dadisi limeachwa wazi, na kifaru kimelala.