Corne: kibodi niliyoiunga kwa mkono wangu, na A nikaihamishia kwenye dole gumba

Naandika haya baada ya miezi minne ya kuitumia kila siku, kazi yangu ni kusikiliza rekodi za mikutano na kuziandika, Kiswahili tupu kuanzia asubuhi mpaka jioni, kwahiyo kama kibodi ina shida mi ntaijua mapema sana.

Kilichonifikisha huku ni kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kilikuwa kinauma mpaka kwenye kiwiko, na nilikuwa nadhani ni meza, nikabadilisha kiti, nikabadilisha meza, wapi. Siku moja nikaanza kuangalia tu maneno ninayoandika. Hapana: herufi 6, A ziko 3. Alikamatwa: herufi 10, A ziko 4. Na kwenye kibodi hizi za kawaida A imekaa kwenye kidole kilicho dhaifu kuliko vyote. Kwa Mwingereza sio tatizo kubwa, yeye herufi yake inayorudi rudi ni E. Sisi tunakinyonga kidole kimoja siku nzima.

Sasa Corne. Ni kibodi ya vipande viwili, kila mkono na kipande chake, vimeungwa na waya mfano wa ule wa earphone. Vitufe 42 tu: kila upande mistari mitatu ya vitufe sita, na vitatu vya dole gumba. Aliyeichora ni Mjapani anayejulikana mtandaoni kama foostan na michoro yake ameiweka wazi GitHub (tovuti ya kuweka kodi na faili za miradi), unachukua faili unatuma kiwandani wanakutengenezea bodi, yaani ile sahani ya saketi. Vitufe havijakaa kwa kulala upande kama kwenye laptop (ule mlalo ni urithi wa taipureta, vile vyuma vya herufi vilihitaji nafasi ya kupishana, kompyuta haina vyuma ila tumeubeba tu), hapa kila kidole kina safu yake wima, ya kidole cha kati imepanda juu kidogo, ya kidole kidogo imeshuka. Ukiweka mkono unaona kabisa huyu mtu ameangalia mkono wa binadamu kwanza ndo akachora.

Kuunga kulinichukua wikiendi mbili. Dayodi 42 (vipande vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), kila kitufe na yake, na zina upande, ule mstari mdogo lazima ufuate alama kwenye bodi. Nilizigeuza tatu na vitufe vitatu vikawa kimya, nikazitoa nikarudia. Kwa pasi ya kulehemu nunua yenye kurekebisha joto, usitumie ile ya bei ya chini kabisa, inaunguza bodi. Swichi nilizoagiza, zile zinazokaa chini ya kila kitufe, zilikuja nyingine miguu imepinda, muuzaji simtaji, ila ushauri wangu ni kagua kila mguu kabla hujaisukuma kwenye soketi, maana ukilazimisha unakunjika chini na hauoni. Bati la chini nilikatiwa akriliki na fundi wa mabango mwenye mashine ya leza, kazi safi sana.

Ubongo wa kibodi ni bodi mbili ndogo zenye chipu, moja kila upande. Chukua zenye chipu ya RP2040 na tundu la USB-C, achana na zile za zamani za micro USB, tundu lake linang'oka kirahisi na likishang'oka kibodi imekufa. Na tafadhali sana, ule waya wa katikati usiuchomoe wala kuuchomeka wakati USB iko kwenye kompyuta, unaweza kupiga shoti na kuunguza kila kitu, hili liandike kwenye karatasi ubandike mezani.

Gharama yote imefika laki mbili na kitu pamoja na usafirishaji. Sio rahisi, najua.

Lakini sasa utamu wenyewe. Programu ya ndani ni QMK, mi natumia Vial ambayo unabadilisha vitufe hapo hapo kwenye skrini bila kuandika kodi. Wale Waingereza wa Maltron, watengeneza kibodi, toka miaka ya 1970, kwenye mpangilio wao waliweka E kwenye dole gumba. Nikajiuliza, mbona sisi tusiweke A? Nikaiweka dole gumba la kushoto, spesi nikaipeleka la kulia, na pale ilipokuwa A nikaweka Shift. Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu jamani, nilikuwa nabeba kazi kidogo kuliko kawaida na nilimweleza bosi ukweli. Wiki ya tatu mkono ukakubali. Sasa hivi "wanawapa" inatoka kama unapiga ngoma, vidole vinaandika na dole gumba linajibu, na kidole kidogo hakiumi tena. Sisemi itamponya kila mtu, mwenye maumivu makali aende hospitali.

Kingine ni ng'. Nilitaka nikibonyeza N na G kwa pamoja itoke ng' nzima, nikagundua nikiandika haraka nguo inakuwa ng'uo na ngozi inakuwa ng'ozi. Nikahamishia kwenye J na K, hizo mbili hazifuatani kwenye neno lolote la Kiswahili, na tokea hapo ng'ombe na ning'inia zinatoka vizuri bila kutafuta alama.

Kasoro zipo. Namba hazina mstari wake, unashikilia kitufe kimoja cha dole gumba ndo herufi zinageuka namba, kwa mhasibu hii ni adhabu, bora aangalie Lily58, kibodi nyingine ya vipande viwili yenye vitufe 58. Nikikaa kwenye kompyuta ya mtu mwingine nakuwa mzito dakika tano za mwanzo. Na hakuna duka la kuirudisha, ikiharibika fundi ni wewe.

Naipa 9 kwa 10. Bodi kiwandani hawakuuzii chini ya tano, na kibodi moja inakula mbili, kwahiyo ninazo tatu zimebaki. Mbili tayari nimezianza, ni za dada mmoja ofisini anayeandika kama mimi na naye ameanza kushika kiwiko.