Bei ya Haki ya Trekta Lililotumika: Uliza Kwanza Lilifanya Kazi Gani

Kila mwaka kuanzia Januari, wakulima wa Njoro, Rongai na Mau Narok katika kaunti ya Nakuru, Kenya, wanapojiandaa kwa mvua ya masika, bei ya matrekta yaliyotumika hupanda ilhali trekta lenyewe halijaongezwa hata bolti moja. Anayenunua mwezi Machi hulipia trekta na hulipia pia haraka yake mwenyewe. Anayeweza kusubiri hadi Juni au Julai, mashamba yakiwa yamekwisha kupandwa, atawakuta wauzaji walewale wakiwa tayari kuzungumza. Naliweka jambo hili mbele kwa sababu ndilo punguzo pekee lisilohitaji fundi.

Wauzaji wengi hupanga bei kwa kutazama mwaka wa kutengenezwa na mita ya saa, ile inayohesabu saa ambazo injini imefanya kazi, na vyote viwili husaidia kidogo tu. Ford 6600, kwa mfano, zilitengenezwa kati ya 1975 na 1981, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imepita miaka 40, lakini mbili za rika moja zinaweza kutofautiana thamani kama usiku na mchana. Mita ya saa katika Massey Ferguson za zamani huzungushwa na kebo, na kebo ikikatika mita husimama huku trekta likiendelea kulima misimu kadhaa. Kinachoamua bei ni kazi ambayo trekta limefanya na fedha zitakazohitajika ili lirudi shambani, na ndiyo sababu nimeyapanga matrekta yafuatayo kwa historia yao wala si kwa rangi ya boneti.

Nafasi ya kwanza naipa trekta la mkulima aliyelima shamba lake mwenyewe, hasa likiwa limeendeshwa na dereva mmoja kwa miaka mingi. Dereva huyo ndiye wa kuzungumza naye, kwa kuwa anajua ni gia gani inayoruka na ni asubuhi zipi injini hukataa kuwaka. Tazama pia mahali linapolala: trekta lililokaa juani hupasuka matairi pembeni hata kama meno yake ni marefu. Ikiwa ni Massey Ferguson 290 au 375, zenye injini ya Perkins ya silinda nne, una faida nyingine, kwani vipuri vyake hupatikana Nakuru na Eldoret na mafundi wanaozifahamu ni wengi. Kwa trekta la namna hii, muuzaji ana haki ya kutaja bei ya juu, nami singemlaumu.

La pili ni lile linalouzwa na shule, chuo au shamba kubwa kwa zabuni. Kumbukumbu za matengenezo mara nyingi zipo, na bei ya kuanzia huwa ya chini. Tatizo ni kwamba hukaa limeegeshwa muda mrefu kabla ya kuuzwa, na muda huo stata, altaneta au injekta zinaweza kung'olewa moja baada ya nyingine. Linamfaa mwenye fundi wake wa kuaminika. La tatu ni lililoagizwa kutoka nje na kupakwa rangi upya yadini. Injini yake inaweza kuwa nzuri sana, lakini hakuna mtu hapa anayeweza kukusimulia maisha yake, na kutojua huko lazima kupunguzwe katika bei.

La nne ni trekta la kulimia watu kwa ekari. Limebadilisha madereva wengi, limekutana na visiki na mawe ya kila kijiji, na klachi yake ndiyo iliyolipa gharama hiyo.

La mwisho ni trekta lililovuta miwa ya Muhoroni, Chemelil au Mumias, na hapa ningependa mnunuzi achuchumae nyuma ya trekta kabla hajatazama kitu kingine. Angalia tundu la pini ya kuvutia trela. Likiwa bado duara, trekta halijateswa sana. Likiwa limegeuka umbo la yai na chuma kimeng'aa upande mmoja, basi tani nyingi za miwa zimepita hapo, na uzito huohuo umepita kwenye gia boksi, ekseli za nyuma na breki. Waweza kuliona tundu limezibwa kwa kulehemu na kutobolewa upya, nayo pia ni historia. Ndugu zake ni matrekta ya mpunga ya Ahero, ambayo huingiza maji ya matope kwenye beringi na sili za magurudumu ya mbele. Inua ekseli kwa jeki, shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Sisemi matrekta haya yasinunuliwe kamwe, bali bei yake isilinganishwe na ya trekta la mkulima wa Njoro aliyelima shamba lake kana kwamba ni mapacha.

Injini ichunguzwe ikiwa baridi. Niliwahi kufika kwa muuzaji mmoja saa mbili asubuhi kama tulivyopatana, nikaweka kiganja kwenye injini nikaikuta moto, na alipoulizwa alidai ni jua. Niliomba tusubiri hadi ipoe. Baada ya muda mrefu ndipo ikawashwa, ikazungushwa mara nyingi bila kushika, na iliposhika ikatoa moshi wa buluu uliokataa kuisha, ishara ya oili kuungua ndani ya silinda. Katika dakika hizo bei ilishuka yenyewe bila mimi kusema neno. Kagua pia oili kwenye kijiti: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamepenya. Kisha inua plau kwa haidroliki na uache injini ikinguruma. Plau ikishuka na kupanda yenyewe kila baada ya sekunde chache, haidroliki inavuja ndani.

Sasa hesabu. Tafuta kwanza bei ambayo matrekta ya aina hiyo, yaliyo tayari kwa kazi, yameuzwa kweli karibuni, wala si bei iliyotangazwa; mafundi huijua kuliko madalali. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, ni shilingi 1,500,000. Toa matairi mawili ya nyuma 200,000, klachi na kazi ya fundi 60,000, sili za haidroliki 15,000. Imebaki 1,225,000, na hiyo ndiyo bei ya haki ya kutangazwa. Toa tena 75,000 kama akiba ya hitilafu zisizoonekana, upate 1,150,000, ambayo ndiyo bei ya kufungia. Mapatano yote yafanyike katikati ya namba hizo mbili. Muuzaji anayetangaza milioni moja na nusu akitumaini kushushwa anawafukuza wanunuzi makini na kubaki na wapiga porojo, ilhali anayekuja na orodha ya kasoro za trekta lake pamoja na risiti huuza mapema zaidi na kwa heshima.

Bei yoyote, hata ya kutupwa, haina maana ikiwa hati ni mbovu. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za logibuku, yaani hati ya usajili, kwa macho yako, na ufanye utafutaji wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kabla ya kulipa hata arubuni. Fanya pia utafutaji katika sajili ya dhamana za mali inayohamishika, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2017, ili usinunue trekta ambalo bado ni dhamana ya mkopo wa mtu mwingine. Salio lilipwe kwa benki siku ileile muuzaji anapoanzisha uhamishaji wa umiliki mtandaoni, mkiwa mmeketi pamoja, nawe ukiwa tayari na namba yako ya mlipa kodi ya KRA ili uthibitishe upande wako kabla ya kuagana.