Sevisi ya baiskeli: bei ya mdomoni na bei ya kwenye risiti

Naanza na sifa, maana wanastahili. Baiskeli imerudi nyepesi, gia zinaingia bila kugoma, gurudumu la nyuma lililokuwa likiyumba limenyooka, na ule mlio wa kwenye pedali umekwisha. Fundi anaijua kazi yake. Ugomvi wangu ni na kaunta.

Nilipoipeleka, kijana wa mapokezi aliitazama juu juu, akabonyeza matairi, akanitajia bei ya sevisi kamili. Nikamuuliza kama hapo ndipo mwisho. "Labda iongezeke kidogo tukikuta kitu, kaka." Sawa. Nilipokwenda kuichukua, bili ilikuwa imekaribia mara tatu ya hiyo bei. Simu hawakupiga, na namba yangu walikuwa nayo: waliiandika kwenye kikadi wakakifunga kwenye usukani, na siku naichukua kikadi kilikuwa bado kinaning'inia palepale.

Nililipa, maana baiskeli naihitaji, lakini risiti niliipitia mstari kwa mstari.

Kwanza, ile bei ya kaunta ilikuwa ya ufundi peke yake: kufungua, kusafisha, kutia grisi, kurekebisha gia na breki, kukaza spoki. Spea hazimo. Maduka mengi hupanga hivyo na siwalaumu, kwani huwezi kuuza spea usiyojua kama inahitajika. Ila baiskeli iliyokimbizwa muda mrefu bila kuguswa haitoki sevisi bila spea, na anayepokea baiskeli kutwa nzima analijua hilo kuliko mimi. Angesema tu "hiyo ni ufundi, spea mbali", mjadala ungeishia hapo.

Spea zilizokula hela ni cheni na friwili, yaani yale meno ya gurudumu la nyuma yanayozungushwa na cheni. Hizi nazikubali. Watu husema cheni imevutika, lakini chuma chenyewe hakivutiki. Kinacholika ni pini na sehemu zinazosuguana nazo, kila kiungo kinapata nafasi kidogo, na ukijumlisha viungo vyote cheni inakuwa ndefu. Kuipima ni rahisi hata kwa rula. Kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7, kwa hiyo nafasi 24 kwenye cheni mpya ni milimita 304.8. Ikizidi hapo kwa milimita moja na nusu, anza kutafuta nyingine. Ikizidi kwa milimita 3, basi mara nyingi imeshakula na meno ya friwili, na ukifunga cheni mpya juu ya meno yaliyolika itaruka kila unapokanyaga kwa nguvu. Niliomba spea zangu za zamani, wakanipa kwenye mfuko, na nyumbani nikaweka rula: cheni yangu ilikuwa imevuka hata hizo tatu. Kuzibadilisha pamoja ilikuwa sahihi.

Sasa hapo ndipo ninapokasirika. Kipimo cha cheni ni kibati kidogo, unakichomeka kwenye cheni, kikizama imekwisha. Huhitaji kufungua hata nati moja. Beringi za ekseli ya pedali, ambazo nazo zilibadilishwa, ni hivyo hivyo: unashika mkono wa pedali, unausukuma kuelekea kwenye fremu na kuuvuta, ukicheza unajua. Vyote viwili vingefanyika pale kaunta nikiwa nimesimama, na ningeambiwa bei iliyo karibu na ukweli. Maelezo ya "tuliona baada ya kufungua" nayakubali kwa nipeli, vile vijinati vya kukazia spoki, zilizoshikwa na kutu ndani ya rimu, au waya iliyooza ndani ya ala yake. Kwa cheni iliyo nje, inayoonekana na kila mtu, hapana.

Raba za breki ni habari nyingine kabisa. Walibadilisha zote nne. Nikazitoa mfukoni moja moja, nikazifuta vumbi kwa kidole: raba za mbele zilikuwa zimelika hadi mifereji imetoweka, sawa. Za nyuma mifereji ilikuwa bado mirefu, ukucha unazama, na upande mmoja ulikuwa umelika sawasawa na mwingine. Hazikuwa ngumu wala hazikupasuka. Raba hizo zilikuwa na safari nyingi bado, na ningepigiwa simu ningesema ziacheni.

Halafu kuna mistari miwili ambayo ningependa kila mtu aitafute kwenye risiti yake. Mmoja ulisema "kufunga cheni na friwili", mwingine "kurekebisha gia". Kufunga spea nitalipia, ingawa gurudumu lilikuwa limeshavuliwa kwa ajili ya sevisi niliyokwisha kuilipia. Lakini kurekebisha gia kumo ndani ya sevisi, kumeandikwa hata kwenye bango lao ukutani. Huko ni kulipa kazi moja mara mbili. Chini kabisa kulikuwa na "vifaa vidogo", hela isiyo kubwa, bila maelezo. Grisi, nadhani, na kitambaa cha kufutia.

Nilirudi na risiti na mfuko wangu wa spea. Mwenye duka alinisikiliza vizuri, hilo nimpe. Mstari wa gia aliufuta papo hapo na kunirudishia hela. Kwenye raba za nyuma alijitetea kwamba wao hubadilisha jozi zote ili breki zishike sawa, jambo ambalo kwa gurudumu moja lina mantiki, upande wa kushoto na wa kulia ubadilishwe pamoja, ila mbele na nyuma ni breki mbili tofauti. Hatukukubaliana. Kuhusu simu alisema, "Hapo tumekosea, ndugu yangu, tungekupigia."

Kwa kukaza spoki au kunyoosha rimu nitawapelekea tena bila wasiwasi, maana lile gurudumu kwa kweli limenyooka kuliko lilivyokuwa jipya. Kwa sevisi kubwa, kile kikadi nitakijaza mwenyewe: kiasi cha juu ninachokubali, "zaidi ya hapo nipigieni kwanza", na ombi la spea za zamani, kisha nakipiga picha kabla sijatoka. Cheni nitaipima nyumbani nikijua ninachokwenda kulipia.

Nyota tatu kati ya tano, na zote ni za fundi.