Kusomba udongo shambani kwa pesa kidogo: kipi ununue, kipi ukodi

Kabla hujaingia dukani, pima mambo mawili: udongo ni kiasi gani, na unakwenda umbali gani. Wengi huanza na chombo, na ndiyo maana utakuta guta limepaki chini ya mwembe, tairi zimeisha upepo, na mwenye shamba bado anabeba udongo kwa ndoo.

Tuseme unataka kuinua uwanja wa mbele ya nyumba, mita 10 kwa 6, kwa kimo cha sentimita 15, ili maji ya masika yasikuingilie ndani. Hizo ni mita 9 za ujazo zikishashindiliwa. Udongo ukichimbuliwa hufura, mara nyingi kwa robo hivi, kwa hiyo utasomba kama mita 11. Mita moja ya udongo mkavu uliolegea ina kilo 1,200 hadi 1,400, na ukilowa huzidi hapo. Kazi inayoonekana ya kitoto ni tani 14 hivi. Subiri ukauke kwanza ndipo uusombe. Maji yaliyomo ndani yake ni mzigo usiokulipa.

Jambo la pili: punguza safari kwenye karatasi. Matuta ya fanya juu, yale yaliyobadilisha miteremko ya Machakos kule Kenya, hayahitaji gurudumu lolote. Unachimba mtaro wa sentimita 60 kwa 60, udongo unaurusha upande wa juu kwa chepe, basi. Kila mita ya mtaro inatoa theluthi moja hivi ya mita ya ujazo, na udongo wote umehama bila kubebwa. Kama una shimo la choo la kuchimba na bonde la kujaza, pangilia shimo liwe juu ya bonde. Hesabu hiyo ya nusu saa inaokoa pesa kuliko punguzo la bei la duka lolote.

Nafasi ya kwanza: toroli zuri

Nasisitiza *zuri*. Kwa umbali wa hadi mita 60, njia ikiwa tambarare au inateremka kidogo unapokuwa na mzigo, sijaona cha kulishinda kwa shilingi uliyotoa. Toroli la lita 65 hupakiwa kama lita 50 na mtu anayesukuma siku nzima, kwa sababu zaidi ya hapo linamwagika njiani. Uwanja wetu ule ni safari kama 220. Watu wawili, mmoja anapakia na mwingine anasukuma, wanaumaliza kwa siku mbili tatu bila kuumia.

Tofauti ya bei kati ya toroli la hovyo na la maana si kubwa, lakini tofauti ya kazi ni kubwa mno. Dukani fanya hivi. Bonyeza katikati ya bodi kwa dole gumba. Bati likizama na kurudi kwa mlio, ni jembamba, litatoboka pale chepe linapogonga kila siku. Tazama chasisi kwa chini. Bomba linatakiwa liwe moja, limekunjwa kutoka mshikio wa kulia, likazunguka gurudumu, hadi mshikio wa kushoto. Yale yaliyoungwa vipande kwa kulehemu karibu na gurudumu hukatika hapo hapo. Kisha linyanyue, zungusha gurudumu, lisikilize: likikwaruza au kuyumba, liache. Uliza kama lina beringi au bushi tupu, na uchague la beringi.

Mwisho muombe muuzaji akuwekee mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, utembee nao nje ya duka. Muuzaji mwenye mali nzuri hatakataa. Uzito unatakiwa ulalie gurudumu, mikono yako ibaki kuongoza. Ukihisi mabega yanavutwa chini, bodi imekaa nyuma mno, na hutaiweza hadi saa kumi jioni.

Kuhusu tairi, penye udongo laini nunua la upepo. La mpira mgumu linazama na kukukatisha tamaa. Penye miiba ya migunga la mpira mgumu lina hoja, ingawa mimi bado ningechukua la upepo na kununua tyubu ya akiba. Angalia ubavuni pameandikwa 4.00-8. Hiyo ndiyo saizi ya tairi za bajaji nyingi, kwa hiyo tyubu utaipata hata kwenye senta ndogo, na fundi wa pancha ataijua.

Wenye udongo mweusi wa mbuga wanajua unavyong'ang'ania bodi. Nyunyiza majivu au mchanga mkavu kabla ya kupakia, utatoka wote kwa mdondosho mmoja. Na njia ikiwa na tope, tandika ubao. Gurudumu juu ya ubao linapunguza jasho kuliko kuongeza mtu.

Matoroli ya magurudumu mawili yapo, na kwa mzee au mtu mwenye mgongo mbovu ni msaada mkubwa kwa kuwa hayapinduki ovyo. Kwenye njia nyembamba ya katikati ya matuta hayapiti. Penye mlima mkali kama wa Uluguru au Usambara, achana na magurudumu, nunua makarai na viroba, ujaze nusu tu.

Nafasi ya pili: kukodi kijiko kwa saa

Kijiko, ile mashine ya kuchimba na kuzoa udongo, najua wengi wangekitaja mwisho kwa kuogopa bei. Lakini ukishavuka mita 40 za ujazo, kama vile lambo au bwawa la samaki, vibarua wa wiki kadhaa na chakula chao wanaweza kukugharimu zaidi. Ndoo ya mbele ya kijiko cha kawaida inabeba kama mita moja ya ujazo kwa mkupuo, yaani matoroli 20 yaliyopakiwa kwa akili.

Gharama inayoumiza ni ya kukileta. Ungana na majirani watatu wanne, kila mmoja awe na kazi yake, kije mara moja. Kubalianeni mapema saa inaanza kuhesabiwa wapi: kinapofika au kinapoanza kuchimba? Mafuta ni ya nani? Weka vigingi na mstari wa chokaa siku moja kabla, maana mashine ikiwa inanguruma huku wewe bado unapima kwa miguu, pesa inakwenda.

Halafu simama pale mwenyewe. Mwambie opereta akwangue kwanza udongo wa juu, ule mweusi wenye mboji, sentimita 15 hadi 20, auweke kando. Asiyeambiwa ataufukia chini ya udongo mwekundu usioota kitu, na rutuba iliyochukua miaka mingi kujijenga itapotea asubuhi moja. Hili linaniuma kila ninapoliona.

Nafasi ya tatu: mkokoteni wa punda

Kuanzia mita 100 hadi kilomita moja, toroli linashindwa na mkokoteni unatawala. Mafundi wengi huuunda kwa ekseli ya gari kuukuu na mbao. Dai ubao wa nyuma ufunguke, la sivyo utaupakua wote kwa chepe. Kwa punda mmoja usizidishe robo ya mita ya ujazo, kwani hiyo tayari ni kilo 300 na zaidi. Sanduku likiwa kubwa, piga mstari wa rangi ndani, vijana wasiuvuke.

Usimfunge punda nira ya ng'ombe. Hana nundu ya kuizuia, inamchubua mabegani hadi vidonda. Mshonee mkanda mpana wa kifuani, wenye kitambaa kinene ndani. Na unaponunua mnyama, dai barua ya ofisi ya kijiji anakotoka, kwa sababu punda wameibwa sana kwa ajili ya biashara ya ngozi. Umoja wa Afrika ulikubaliana kuizuia Februari 2024, lakini barua bado ndiyo kinga yako. Mwenye ng'ombe wa kulima tayari ana injini. Anunue mkokoteni tu.

Ya chini kwenye orodha

Guta la pikipiki ni chombo kizuri cha kubeba mazao. Kwa udongo pekee silipendekezi: bei ya jipya inanunua matoroli 50 na zaidi, na klachi huchakaa haraka kwenye njia ya shambani yenye mzigo mzito. Kirikuu ni vivyo hivyo. Vigari hivyo vilivyotoka Japani vilitengenezwa kubeba kilo 350, yaani robo ya mita ya ujazo, sawa na punda wako.

Pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono, ikiwa na trela ni habari nyingine, ila kwa kukodi. Baada ya Kilimo Kwanza, mpango wa kilimo wa Tanzania wa 2009, ziliingia nyingi wilayani, hasa kwenye skimu za mpunga, na nyingi hukaa bure mashamba yakishapandwa. Mfuate mwenye nayo kipindi hicho, mpatane kwa siku badala ya kwa safari, dizeli iwe juu yako, dereva awe wake.