Kupima radoni nyumbani: siku chache au miezi mingi?
Radoni ni gesi yenye mionzi; haionekani wala hainuki. Hutokana na urani, madini yenye mionzi yaliyo ardhini, kisha gesi hiyo hupenya kwenye nyufa za sakafu.

Kikopo cha mkaa unaonasa radoni huwekwa siku 2 hadi 7, kisha hupelekwa maabara upesi, kwa kuwa radoni hupungua nusu kila siku 3.8 hivi. Kwa anayetaka kununua nyumba, hiki ndicho kinachomfaa. Lakini kiwango hupanda na kushuka kulingana na hali ya hewa na madirisha, kwa hiyo wiki moja yaweza kukudanganya. Kipimo cha plastiki, kinachoachwa alama na chembe za alfa (mionzi inayotoka kwenye radoni), hukaa miezi 3 hadi 12 bila umeme wala matunzo. Hapa ndipo kinaposhinda: hatari ya saratani ya mapafu hufuata wastani wa muda mrefu, ikiongezeka kwa takriban asilimia 16 kwa kila ongezeko la bekereli 100 (kizio cha kupimia mionzi) kwa mita ya ujazo.

Ila kama nyumbani kuna mvutaji sigara, nisingesubiri mwaka mzima. Radoni humdhuru yeye zaidi. Aanze na kikopo, na kiwango kikipita bekereli 100 kwa mita ya ujazo, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, apime tena bila kukawia.